Mamluki na Aliyemchezesha: Istilahi za Udanganyifu katika Michezo ya Shule na Vyuo, kwa Kuzingatia Mazingira ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Katika michezo ya shule na vyuo nchini Tanzania kuna lawama moja inayorudi msimu baada ya msimu: timu fulani imechezesha mamluki. Maana ya neno hilo imekwisha kuzoeleka. Mamluki ni mchezaji anayeingia uwanjani akiwa amevaa jezi ya shule, chuo au wilaya ambayo kwa haki si yake. Pingamizi likikubaliwa, timu hunyang'anywa pointi, mpinzani hupewa ushindi wa mezani, na kijana huondoka na jina baya. Aghalabu habari huishia hapo.

Lengo la makala haya ni kuchunguza istilahi zinazotumika kueleza udanganyifu wa aina hiyo, na kuonesha jinsi zinavyogawa lawama. Hoja kuu ni kwamba nomino mbili zilizoenea zaidi, yaani mamluki na kijeba, humtaja aliyetumiwa na kumficha aliyemtumia; ilhali sarufi ya Kiswahili, hasa mnyambuliko wa kitenzi, ina nyenzo ya kumtaja huyo wa pili. Kwa hiyo uchaguzi wa istilahi si suala la msamiati peke yake. Ndio unaosaidia kuamua nani aitwe mbele ya kamati na nani abaki nyumbani.

Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma vimechukuliwa kuwa mazingira ya mjadala. Eneo hilo halikuteuliwa kwa sababu lina kosa la pekee, bali kwa sababu jiografia yake na historia yake ya kiutawala vinaonesha bayana jinsi mamluki anavyopatikana, na anayepoteza pindi anapopatikana. Baadaye mjadala unapanuliwa hadi kwenye mashindano ya vijana ya Afrika na michezo ya vyuo vya Marekani, ambako tatizo hilohilo lina historia ndefu iliyoandikwa.

2.0 Mazingira ya Mashindano

Nyanda za juu za Umatengo zinajulikana kwa kilimo cha ngoro na kwa kahawa. Upande wa magharibi ardhi huteremka hadi kwenye ziwa, ambako wakazi, wakiwemo Wanyasa, Wamanda na Wampoto, hutegemea uvuvi pamoja na kilimo. Hadi mwaka 2012 sehemu zote mbili zilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Mwaka huo iliundwa Wilaya ya Nyasa, makao yake makuu yakiwa Mbamba Bay, na vituo vya mwambao kama Liuli na Lituhi vikawa katika wilaya hiyo mpya.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mada hii. Michezo ya shule hupangwa kwa ngazi zinazofuata mipaka ya utawala. Shule za msingi zina UMITASHUMTA, za sekondari zina UMISSETA, na vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA. Katika michezo ya shule, mashindano huanzia shuleni, hupanda hadi wilayani, kisha mkoani, na hatimaye taifa. Katika ngazi ya wilaya timu huwa kombaini, yaani kundi lililochujwa kutoka shule mbalimbali. Kabla ya 2012 mwanafunzi wa Liuli na mwanafunzi wa Mbinga mjini waliweza kuvaa jezi moja ya wilaya. Baada ya hapo wamekuwa wapinzani katika ngazi ya mkoa. Mwanafunzi wa mwambao ambaye leo ataingizwa katika kombaini ya Mbinga bila uhamisho halali ni mamluki, ingawa miaka michache kabla ya mgawanyo kijana wa shule hiyohiyo alikuwa mchezaji halali. Kwa maneno mengine, umamluki hautokani na tabia ya mtu. Hutokana na uhusiano kati ya mtu, mpaka na karatasi.

Jambo la pili ni umbali. Safari kati ya mwambao na milima ya Mbinga ilikuwa ngumu kwa miaka mingi, hasa majira ya mvua, kabla barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay haijawekwa lami. Mwanafunzi asiyeonekana kwenye mchujo hachaguliwi. Nafasi katika kombaini zina idadi maalumu. Kila nafasi inayojazwa na mtu asiyestahili ni nafasi iliyoondolewa kwa mwanafunzi anayestahili. Mwanafunzi huyo hatajwi katika pingamizi lolote, kwa kuwa hakucheza. Yeye ndiye mdhulumiwa wa kwanza, na hana jina katika istilahi zilizopo.

Jambo la tatu ni thamani ya kuwa wa mahali. Mganda, ngoma inayochezwa katika eneo hili na Wamatengo na Wanyasa, ni ngoma ya kundi na ya mashindano. Kundi hucheza kwa niaba ya kijiji chake, na sifa ya ushindi ni ya kijiji hicho. Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa inaeleza msingi wa mashindano ya aina hiyo: tuzo hufuata uhusiano kati ya mchezaji na watu wake. Mashindano ya shule yamejengwa juu ya msingi huohuo. Timu inapoitwa ya Mbinga au ya Nyasa, watazamaji huahidiwa kwamba walio uwanjani ni watoto wa huko. Mamluki huvunja ahadi hiyo hata kama hakuna aliyepokea senti.

Inafaa kukumbuka pia kwamba michezo hii haikuwapo wakati wote. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 mashindano ya kitaifa ya shule yalisimamishwa na Serikali, yakarudishwa baada ya mwaka 2005. Kwa hiyo, yanapotiwa doa na udanganyifu, kinachohatarishwa si kikombe cha msimu mmoja. Ni hoja yenyewe ya kuwa na michezo shuleni.

3.0 Asili ya Istilahi

3.1 Mamluki

Neno mamluki lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye konsonanti m-l-k unaobeba dhana ya kumiliki. Umbo lake ni la kutendwa: mamluki ni aliyemilikiwa. Katika historia ya nchi za Kiislamu mamluki walikuwa watumwa waliofunzwa kazi ya askari. Huko Misri askari hao walikuja kutwaa utawala wenyewe, wakautawala kuanzia mwaka 1250 hadi 1517.

Kiswahili kimepokea maneno kadhaa ya mzizi huo: miliki, milki, maliki na mamlaka. Msemaji wa kawaida hayahusishi na mamluki, lakini uhusiano upo. Aliyemilikiwa, anayemiliki na mwenye mamlaka wametoka katika nyumba moja ya lugha. Ifahamike pia kwamba silabi ya kwanza ya mamluki si kiambishi cha wingi kama ilivyo katika matunda au mawe. Ni sehemu ya neno lenyewe, na ndiyo sababu husemwa mamluki mmoja na mamluki wengi.

Katika miaka ya 1960 na 1970, wakati wa vita vya ukombozi, neno hili lilikuwa na uzito wa kisiasa. Lilitumika kwa askari wa kukodiwa waliopigana vita visivyo vyao kwa malipo, kama wale walioongozwa na Mike Hoare nchini Kongo katika miaka ya 1960. Lilipohamishiwa michezoni lilichukua sehemu mbili za maana hiyo: kupigana upande usio wako, na kufanya hivyo kwa maslahi. Hata hivyo sehemu ya tatu ilipungua. Katika siasa, msomaji aliyesikia habari za mamluki aliuliza mara moja ni nani aliyewakodi. Katika michezo swali hilo huulizwa kwa nadra.

3.2 Kijeba

Kijeba ni mtu ambaye umbo lake dogo linaficha ukubwa wa umri wake. Katika michezo ya vijana neno hili limepewa maana mahususi: mchezaji aliyezidi umri unaoruhusiwa. Ni istilahi inayotegemea mwili. Msikilizaji huelekezwa kutazama sura, ndevu na misuli ya kijana, na huku akitazama husahau kwamba mwili haujazi fomu. Tarehe ya uongo huandikwa na mkono, na mara nyingi mkono huo si wa mchezaji.

3.3 Usajili

Istilahi ya tatu ina utata wa namna nyingine. Kusajili ni kuandika jina katika daftari rasmi. Katika lugha ya soka, kusajili pia ni kumpata mchezaji, hata kwa kumlipa. Ndiyo maana husemwa fedha za usajili. Hivyo neno moja limebeba kitendo cha karani na kitendo cha mnunuzi. Katika klabu za kulipwa utata huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa vitendo vyote viwili ni halali. Shuleni hali ni tofauti. Mwanafunzi husajiliwa kwanza kwa ajili ya masomo, na kucheza hufuata. Pale anaposajiliwa kwa maana ya pili na kuandikwa kana kwamba ni kwa maana ya kwanza, udanganyifu umekwisha kutendeka kabla mpira haujapigwa.

4.0 Aina za Umamluki na Utaratibu Wake

Kwa kutazama uhusiano kati ya mchezaji na hati zake, aina nne zinaweza kubainishwa.

Aina ya kwanza ni mtu asiye mwanafunzi kabisa, ambaye hucheza kwa jina la mwanafunzi aliyepo. Hapa watu wawili hutumia jina moja: mmoja darasani, mwingine uwanjani. Aina ya pili ni mwanafunzi wa kweli aliyeazimwa kutoka shule au wilaya nyingine. Aina ya tatu ni mhitimu aliyerudishwa, kana kwamba hajamaliza masomo. Aina ya nne ni mwanafunzi wa msimu: ameandikishwa kihalali, jina lake limo daftarini, lakini hakuja kusoma na hatarajiwi kusoma. Aina hii ya mwisho ndiyo ngumu kuthibitisha, kwa sababu karatasi zake ni safi. Kijeba anaweza kuwa katika aina yoyote kati ya hizo.

Ni lazima kutofautisha aina ya nne na utaratibu halali wa kuwapa nafasi vijana wenye vipaji. Shule ya Sekondari Makongo ya Dar es Salaam, iliyo chini ya jeshi, ilijulikana kwa kuwapokea na kuwaendeleza wanamichezo vijana. Kumfuata kijana mwenye kipaji na kumpa nafasi ya kusoma si kosa. Kosa huanza pale nafasi ya kusoma inapokuwa jina tu.

Utaratibu wa udanganyifu wenyewe unaweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni. Chukua kijana mvuvi wa miaka 21 kwenye mwambao, aliyeacha shule baada ya darasa la saba na anayesifika kwa kucheza mpira mchangani. Mwalimu wa michezo wa shule ya mbali amesikia habari zake. Ili kijana huyo acheze, ni lazima yafanyike mambo yafuatayo: mtu amfuate na kumshawishi; mtu atoe jina la mwanafunzi litakalotumika; mtu abandike picha ya mvuvi juu ya jina hilo; mkuu wa shule atie saini na kupiga muhuri; ofisi ya wilaya ipokee fomu bila kuilinganisha na daftari la shule; na mwanafunzi mwenye jina aambiwe anyamaze. Katika vitendo vyote hivyo, mvuvi ametenda kimoja tu: amekubali. Ahadi aliyopewa huenda ni nauli, jezi, au neno kwamba atatafutiwa nafasi ya kurudi shuleni.

Tatizo la hati lina mizizi ya kihistoria. Kwa muda mrefu usajili wa vizazi vijijini ulikuwa mdogo, na watu wengi walikua bila cheti cha kuzaliwa. Umatengoni Kanisa Katoliki lilitangulia, na kwenye mwambao Kanisa la Anglikana lilikuwa na kituo chake Liuli. Katika mazingira hayo cheti cha ubatizo kinaweza kuwa ushahidi pekee wa tarehe ya kuzaliwa, na pasipo nacho hubaki kiapo cha mzazi. Kijana asiye na cheti si mwongo. Lakini ukosefu wa cheti humpa nafasi yule anayetaka kumwandikia umri unaomfaa yeye. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

5.0 Umri katika Mashindano ya Vijana ya Afrika

Tatizo la hati halikomei katika ngazi ya wilaya. Timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu kwa fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, lakini ikaondolewa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Nafasi yake ilichukuliwa na Zimbabwe. Adhabu hiyo iliwaangukia wachezaji wote wa kikosi, wakiwemo wale ambao umri wao haukuwa na shaka yoyote.

Miaka 12 baadaye gurudumu liligeuka. Katika mchujo wa fainali za 2017, Tanzania ilitolewa na Kongo Brazzaville. Shirikisho la soka la Afrika lilitaka mchezaji mmoja wa Kongo apimwe umri mjini Cairo. Hakufika, Kongo ikaondolewa, na Serengeti Boys wakaenda Gabon, ambako walitoka sare na Mali, wakaishinda Angola na kufungwa na Niger. Mwaka 2019 Tanzania ilikuwa mwenyeji wa fainali hizo jijini Dar es Salaam. Guinea iliyofika fainali ilipoteza nafasi yake ya kwenda Kombe la Dunia baada ya kugundulika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa wameandikwa tarehe tofauti za kuzaliwa katika mashindano ya awali nchini Japani. Senegal ikachukua nafasi hiyo.

Matukio haya yanaonesha njia mbili za kutafuta ukweli. Ya kwanza ni kuupima mwili. Tangu mwaka 2009 shirikisho la soka la dunia limetumia picha za sumaku za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Mfupa wa mkono wa kijana anayekua una tabaka la gegedu karibu na kifundo. Ukuaji unapokamilika tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa mtupu, na ni nadra hilo kutokea kabla ya miaka 17 kutimia. Kipimo hicho huweza kusema kwamba kijana amezidi umri, lakini hakiwezi kusema ni nani aliyempunguzia miaka. Njia ya pili, iliyotumika dhidi ya Guinea, ni kulinganisha karatasi na karatasi. Njia hii haihitaji mashine. Inahitaji daftari lililotunzwa na mtu aliye tayari kulifungua, na kwa sababu karatasi ina mwandishi, ndiyo inayoweza kumfikisha mchunguzi kwa aliyeandika. Kwa shule za Mbinga na Nyasa hiyo ndiyo njia iliyo karibu.

6.0 Ulinganisho: Michezo ya Vyuo vya Marekani

Inaweza kudhaniwa kwamba umamluki ni tatizo la nchi zenye kumbukumbu haba. Historia ya Marekani inakanusha dhana hiyo. Mashindano ya kwanza kati ya vyuo vya nchi hiyo yalikuwa ya makasia, kati ya Harvard na Yale, katika Ziwa Winnipesaukee mwaka 1852, na gharama zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria. Mwaka 1896 Fielding Yost, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha West Virginia, alihamia Chuo cha Lafayette kwa wakati uliofaa kuisaidia timu yake kuishinda Pennsylvania, kisha akarudi alikotoka. Kwa istilahi ya Kiswahili Yost alikuwa mwanafunzi wa msimu, tena wa msimu mfupi sana. Hakudhurika: alikuja kuwa kocha mashuhuri wa Michigan.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kijulikanacho kwa kifupi kama NCAA, kilianza mwaka 1906. Mwaka 1929 wakfu wa Carnegie ulichapisha uchunguzi ulioonesha kwamba kuwashawishi na kuwalipa wachezaji kulikuwa kumeenea vyuoni. Kesi iliyojulikana zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Southern Methodist cha Dallas, ambacho mwaka 1987 kilifutiwa msimu mzima wa mpira wa Kimarekani kwa kuendelea kuwalipa wachezaji kwa siri. Baadaye Gavana wa Texas, Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la uongozi la chuo hicho, alikiri kwamba malipo yaliendelezwa kwa ridhaa ya viongozi wa baraza. Hapa mzizi wa neno unajidhihirisha: aliyesimama nyuma ya aliyemilikiwa alikuwa mwenye mamlaka.

Waafrika nao waliguswa na kanuni hizo. Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani weusi kilichopo Washington, kilitwaa ubingwa wa soka mwaka 1971 kikiwa na wachezaji wengi kutoka Afrika na visiwa vya Karibi. Kilinyang'anywa ubingwa huo kwa madai kwamba baadhi yao hawakustahili, kisha kikautwaa tena mwaka 1974. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ilibatilisha kanuni iliyowahesabia wageni miaka waliyocheza makwao baada ya kutimiza miaka 19, kwa kuwa iliwabagua. Fundisho lake ni kwamba kanuni ya kuzuia mamluki inaweza yenyewe kuwa chombo cha dhuluma inapomlenga mtu kwa asili yake. Watanzania pia walisoma kwa njia ya michezo nchini humo: Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5000 katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso na bingwa wa mashindano ya vyuo.

Mwaka 2019 ulifichuliwa udanganyifu wa mwelekeo tofauti. Wazazi matajiri walimlipa dalali, William Singer, ili watoto wao waingizwe vyuoni kwa nafasi za wanamichezo, ingawa baadhi yao hawakuwa wanamichezo. Katika umamluki wa kawaida mchezaji hujifanya mwanafunzi. Hapa mwanafunzi alijifanya mchezaji. Katika hali zote mbili aliyedhulumiwa ni mwenye haki ya nafasi. Safari hii, hata hivyo, mashtaka yaliwaelekea wazazi, makocha na dalali mwenyewe, aliyehukumiwa kifungo mwaka 2023. Hatimaye, kuanzia 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kunufaika na majina na picha zao, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja. Kilichoitwa kashfa mwaka 1987 kimekuwa mkataba. Malipo yamehalalishwa, kughushi jina na umri kumebaki kosa.

7.0 Cheza, Chezesha, Chezeshwa

Kutokana na maelezo hayo, inafaa kurudi kwenye lugha. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Mamluki amecheza.
(2) Shule imemchezesha mamluki.
(3) Kijana amechezeshwa na mwalimu wa michezo.
(4) Kijana amechezeshwa.

Katika (1) mtendaji ni mmoja, naye ndiye mwenye lawama. Katika (2) kiambishi cha usababishi kimeongeza mtendaji wa pili, lakini mtendaji huyo ni shule, na shule haina mkono wa kutia saini. Sentensi hii ndiyo inayofanana na lugha ya maamuzi mengi. Matokeo yake ni adhabu kwa taasisi, yaani kwa wanafunzi wote waliomo. Katika (3) mtendaji ni mtu mwenye cheo. Katika (4) mtendaji ameachwa, lakini umbo la kitenzi limehifadhi alama yake: msikilizaji anajua kwamba yupo aliyemchezesha, na anaweza kumuuliza. Nomino mamluki haina alama hiyo kwa msemaji wa leo, kwa kuwa umbo lake la kutendwa ni la Kiarabu, na halionekani katika sarufi ya Kiswahili.

Kuna jambo moja zaidi. Kuchezesha ni pia kazi ya mwamuzi, kwani refa huchezesha mechi. Neno moja limechukua aliyemwingiza mchezaji asiyestahili na aliyepewa kazi ya kulinda haki. Katika michezo ya shule sadfa hiyo ya kileksika ina ukweli ndani yake: wanaoteua timu, wanaohakiki fomu na wanaosikiliza pingamizi huwa mara nyingi watumishi wa idara moja ya elimu.

Pendekezo linalotokana na uchambuzi huu ni dogo. Kanuni na maamuzi ya michezo ya shule na vyuo yaandikwe kwa kitenzi cha usababishi chenye mtu kwa kiima chake: nani alimwalika, nani alitoa jina, nani alithibitisha. Kijana asikilizwe kwanza kama shahidi. Na aina ya kosa itajwe kwa kadiri ya zile nne zilizobainishwa, kwa kuwa mwanafunzi aliyeazimwa ng'ambo ya mpaka wa wilaya hawezi kulinganishwa na mtu anayetumia jina la mwingine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba neno mamluki lilianza likimtaja aliyemilikiwa, likapita katika vita vya kukodiwa, na kufika katika viwanja vya shule likiwa limempoteza mmiliki njiani. Kijeba nalo limeupa mwili wa kijana lawama ya kalamu ya mtu mzima. Mifano ya Afrika na Marekani inaonesha kwamba pale wachunguzi walipomtafuta mwandishi wa karatasi na mtoa fedha, walimpata.

Katika methali iliyotajwa, kitenzi hutunzwa kina maana mbili: kupewa tuzo na kuangaliwa. Mchezaji wa kombaini halali, iwe ya Mbinga au ya Nyasa, akishindwa hurudi shuleni kwake, na mwalimu wake anamjua. Kijana aliyechukuliwa mwambaoni kwa jina la mtu mwingine hana tuzo, kwa kuwa ushindi umeandikwa kwa jina hilo. Na hana wa kumwangalia, kwa kuwa katika daftari la shule hayumo. Akivunjika mguu, fomu itaonesha kwamba aliyevunjika ni mwingine. Kumwita mamluki na kumfukuza ni kuikamilisha kazi ya yule aliyemchezesha.